Dawa Ndani ya Mkoba wa Dada Yetu



Tunaanza tafakari hii kwa kuungama kosa letu wenyewe. Wakati wa mafungo ya kwaya, dada mmoja kati yetu aliugua ghafla usiku. Alijikunja juu ya mkeka, akatapika, jasho likamtoka, na asubuhi hakuweza kusimama kwenda kanisani. Wenzake walipofungua mkoba wake wakitafuta kitambaa cha kumfuta uso, waliona karatasi ya vidonge. Mmoja akavitambua: ni vile ambavyo wanawake hupewa kwenye kituo cha afya ili wasipate mimba. Kabla ya Misa ya mchana habari ilikuwa imekwisha kuzunguka. Tulinong'ona, tukacheka kwa siri, na hakuna aliyemwuliza anaumwa nini. Juma lililofuata hakuja mazoezini, wala juma la pili. Baadaye sana tulijua, kwa kinywa cha mama yake, kwamba binti huyo ana ugonjwa uitwao endometriosi, wa aina ile inayozama ndani ya viungo. Vidonge vile alikuwa ameandikiwa na daktari majuma mawili tu kabla ya mafungo, baada ya miaka sita ya maumivu.

Tangu siku hiyo tumetafuta kujua, tumeuliza wauguzi na mapadri, na leo tunataka kusema jambo moja waziwazi. Dawa za homoni anazotumia msichana au mwanamke kwa kutibu endometriosi ni dawa, kama vile dawa ya malaria ilivyo dawa. Kanisa halimkatazi kuzitumia. Na anayemhukumu mgonjwa kwa sababu ya dawa hizo, yeye ndiye mwenye haja ya kutubu. Sisi tulitubu, lakini kiti chake katika kwaya kilikuwa kimekwisha kubaki kitupu.

Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndani ya kizazi cha mwanamke kuna utando laini unaojengeka kila mwezi ili kuipokea mimba. Mimba isipotungwa, utando huo humomonyoka na kutoka pamoja na damu ya hedhi. Kwa mwenye endometriosi, nyama inayofanana na utando huo huota nje ya kizazi: juu ya vifuko vya mayai, nyuma ya kizazi, na mahali pengine tumboni. Nayo huitika homoni za kila mwezi. Huvimba na kutoa damu, lakini damu hiyo haina mlango wa kutokea. Hapo ndipo panapotokea uvimbe, makovu, na viungo kushikamana.

Katika aina inayozama, ambayo waganga wamezoea kuieleza kuwa ni ile iliyopenya zaidi ya milimita 5 chini ya ngozi nyembamba inayofunika viungo vya tumbo, ugonjwa hufika kwenye kano zinazoshikilia kizazi, kwenye ukuta ulio kati ya uke na utumbo mpana, kwenye kibofu, hata kwenye mirija inayoshusha mkojo kutoka katika figo. Ndiyo sababu mgonjwa huweza kuumia si wakati wa hedhi tu, bali pia anapokwenda haja, na kwa aliyeolewa, katika tendo la ndoa. Tena mrija wa mkojo ukibanwa, figo huweza kuharibika kimya kimya bila mwenyewe kujua.

Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba endometriosi, kwa aina zake zote, huwapata wanawake na wasichana wapatao 10 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, yaani karibu milioni 190 duniani. Basi, katika kwaya yenye wanawake na wasichana 30, huenda watatu wanaubeba, wakiimba pamoja nasi na kutuficha. Wala si ugonjwa wa Wazungu. Kwa muda mrefu waganga wengi walidhani kuwa ni nadra kwa wanawake weusi, kumbe mara nyingi hawakuchunguzwa, au maumivu yao yalipewa jina lingine. Ugonjwa usiotafutwa hauonekani.

Na sisi, katika mitaa yetu ya Bukavu, ya Uvira, ya Kindu, ya Lubumbashi, tunauita nini? Tunasema, "Ni mambo ya wanawake, vumilia." Tunasema, "Amelogwa," tukampeleka katika chumba cha maombi afunge siku tatu bila kula, ilhali tumbo lake linawaka moto. Na lililo baya zaidi, watu wazima humwambia msichana wa miaka 17, "Ukizaa yatakwisha." Mimba si dawa ya endometriosi. Wako waliopata nafuu wakiwa wajawazito, kisha maumivu yakarudi. Wako pia ambao hawakupata nafuu yoyote. Kumsukuma msichana katika uzazi ili kumtibu ni kumtwika mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Sasa tuzitazame dawa. Nyama hiyo ya ugonjwa hukuzwa na estrojeni, homoni itokayo hasa katika vifuko vya mayai. Dawa za homoni hupunguza estrojeni hiyo au huipinga, utando hunywea, hedhi hupungua au hukoma, na uvimbe wa ndani hupoa. Ni kama mkulima anayefunga mfereji: magugu hunyauka, ingawa mizizi haijang'oka. Mfereji ukifunguliwa, magugu huweza kuchipua tena. Tusidanganyane basi: dawa hizi hazing'oi ugonjwa. Huwatuliza wengi maumivu, hutumiwa kwa miezi au kwa miaka, na mara nyingi zikiachwa maumivu hurudi.

Ziko za namna mbalimbali. Kuna vidonge vyenye estrojeni na projestini pamoja, ambavyo daktari huweza kuagiza vimezwe mfululizo bila siku za kupumzika. Kuna vya projestini peke yake, kama vile dienojesti ya miligramu 2 kila siku, au noretisteroni. Kuna sindano ya medroksiprojesteroni ichomwayo kila baada ya miezi 3, na kuna kifaa kidogo kiwekwacho ndani ya kizazi, kitoacho homoni kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Kuna pia dawa zenye nguvu zaidi, zinazozima amri itokayo kichwani kwenda kwenye vifuko vya mayai. Hizo humweka mwanamke katika hali kama ya aliyekoma hedhi, na mifupa yake huweza kudhoofika; kwa hiyo hutolewa kwa uangalizi mkubwa, mara nyingi pamoja na homoni kidogo ya kuilinda mifupa.

Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya uliotolewa mwaka 2022 hausemi kwamba dawa moja inazipita nyingine zote. Unataka mgonjwa na daktari wachague pamoja, wakiangalia madhara, bei, na upatikanaji. Tena hauamuru mgonjwa apasuliwe kwanza ndipo aanze dawa. Daktari akimsikiliza vizuri, akampima, akamfanyia ekografia, huweza kuanza matibabu. Neno hilo ni la maana sana kwetu, tunaoishi mahali ambapo upasuaji wa matundu madogo ni wa wachache, na ambapo picha ya sumaku iitwayo IRM haipatikani kila mji. Baadhi ya vidonge hivyo vimo katika vituo vyetu vya afya kwa kazi nyingine. Mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kulitambua jina la ugonjwa, na jamaa wasiomwonea haya mgonjwa.

Hatusemi kwamba dawa hizo ni tamu. Huweza kuleta damu ya matone isiyo na wakati, kuumwa kichwa, kubadilika kwa moyo, kuongezeka uzito. Zile zenye estrojeni huweza kugandisha damu katika mishipa. Mwenye shinikizo la damu, mwenye drepanositozi, mwenye kuumwa kichwa kunakotanguliwa na mwanga wa ajabu machoni, au aliyewahi kupata donge la damu mguuni, amwambie daktari kabla ya kumeza hata kidonge kimoja. Anayetibiwa kifua kikuu aseme pia, kwa kuwa rifampisini huzipunguzia dawa hizi nguvu. Kwa sababu hiyo asiende mtu kununua kinini sokoni kwa kumwiga rafiki yake.

Kuna hofu nyingine inayotembea kati ya akina mama zetu: kwamba damu isipotoka hukusanyika ndani na kuoza. Si hivyo. Dawa inapofanya kazi, utando haujengeki, na kisichojengeka hakina cha kubomoka. Wengine huogopa kwamba vidonge vitamfanya msichana kuwa tasa. Vidonge vikiachwa, mayai huanza tena kukomaa. Baada ya sindano huweza kuchukua miezi mingi zaidi. Ni ugonjwa wenyewe unaoweza kuharibu njia za uzazi. Lakini ni lazima tuseme na upande wa pili: dawa hizi hazimwongezei mwanamke uwezo wa kushika mimba, na akiwa anazitumia, kwa kawaida hatashika. Kwa wenzi wanaotamani mtoto, huo ni msalaba wa kweli. Wanahitaji daktari wa kuwaelekeza njia nyingine, na wanahitaji wakwe wenye kunyamaza.

Tumefika penye fundo la jambo letu. Mtu atauliza: "Je, si vidonge hivyohivyo ambavyo Kanisa limevikataa?" Swali hili ni la haki, nasi hatulikwepi. Mtakatifu Papa Paulo wa VI, katika barua yake Humanae vitae ya tarehe 25 Julai 1968, alifundisha kwamba si halali kutumia njia inayokusudia kuzuia uzazi. Vijana wengi wamesikia barua hiyo ikitajwa. Wachache wamefika katika ibara yake ya 15. Hapo Papa anafundisha kwamba Kanisa haliyahesabu kuwa haramu matibabu yanayohitajika kwa kuponya magonjwa ya mwili, hata kama inajulikana mapema kwamba yatazuia uzazi, mradi kizuizi hicho chenyewe kisiwe ndicho kinachokusudiwa moja kwa moja. Hayo si maneno ya padri mlegevu wala ya gazeti la mjini. Yamo katika barua ileile ambayo wengine huishika kama fimbo ya kuwapigia wagonjwa.

Kisu ni kilekile mkononi mwa mnyang'anyi na mkononi mwa daktari mpasuaji. Hatukikamati kisu na kukipeleka mahakamani. Tunauliza kinafanya nini na kwa nia gani. Dada yetu alimeza kidonge ili aweze kusimama, kusoma, kula bila kutapika. Kidonge hicho hakikusema neno lolote juu ya usafi wake wa moyo. Hata kama ni mwanamke aliyeolewa, hukumu ya nia ni kati yake, mumewe, dhamiri yake na Mungu, pamoja na padri anayemwungamisha akitaka shauri. Kwaya haikupewa ufunguo wa chumba hicho.

Wengine hutupinga kwa upole zaidi. Wanasema, "Dawa hizi hufunika tu, afadhali kuukata ugonjwa." Wana sehemu ya kweli. Utumbo unapoziba, mrija wa mkojo unapobanwa, au maumivu yanapokataa kila dawa, upasuaji hauepukiki, na kuchelewa ni hatari. Lakini kuukata ugonjwa uliokita katika utumbo na kibofu ni kazi ya mikono iliyofundishwa kwa miaka mingi, na mkono usiozoea huweza kuacha jeraha kubwa kuliko ugonjwa. Hata baada ya upasuaji mzuri, asiyetafuta mimba kwa wakati ule mara nyingi hupewa homoni, ili ugonjwa usirudi upesi. Basi dawa na kisu si maadui. Na anayetulizwa maumivu leo hakudanganywa. Amerudishiwa siku zake.

Wengine tena hutaja Kitabu cha Mwanzo, wakisema kwamba uchungu ni fungu la mwanamke. Tunawajibu kwamba shamba nalo lililaaniwa kutoa miiba, na hakuna anayetukataza kupalilia. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu mganga, na kwamba dawa zimetoka katika udongo kwa mapenzi ya Bwana, na mwenye busara hazidharau. Katika sura hiyohiyo anamwambia mgonjwa asali, kisha ampe mganga nafasi yake. Sala na dawa zinakaa katika ukurasa mmoja. Sisi ndio tuliozitenganisha.

Tufanye nini basi? Jambo la kwanza ni kuuzuia ulimi. Anayeona dawa katika mkoba wa mwenzake ameona siri ya mgonjwa, naye anapaswa kuitunza. Mgonjwa hana deni la kutueleza tumbo lake.

Jambo la pili ni kusema wazi dalili zake katika mikutano yetu, kwa heshima na bila kicheko: hedhi inayomlaza mtu asiende shuleni au kazini mwezi baada ya mwezi, maumivu yasiyotulizwa na dawa za kawaida kama ibuprofeni, kuumia kwa kwenda haja siku za hedhi, damu katika mkojo au choo siku hizo. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Katika ugonjwa huu methali hiyo huweza kuwa kweli neno kwa neno. Wavulana wasitolewe nje wakati wa mafundisho hayo. Ni kaka za watu, kesho watakuwa waume na baba, na wengine watakuwa mapadri watakaosikiliza maungamo.

Jambo la tatu ni kusindikizana. Msichana mwenye dalili hizi aandike katika daftari siku za maumivu, mahali yanapouma na dawa alizomeza, kisha mama, shangazi au dada mkubwa amsindikize katika kituo cha afya. Muuguzi akisema "ni kawaida", wasiache. Waombe barua ya kwenda hospitali kubwa ya zone. Majimbo yetu yana ofisi za kazi za afya, na vituo vingi vinabeba majina ya watakatifu wetu. Wahudumu wa vituo hivyo wanahitaji kusikia kutoka kwa wachungaji wao maneno yaleyale ya ibara ya 15, ili asiwepo muuguzi anayesita kumpa mgonjwa dawa kwa hofu ya kutenda dhambi.

Jambo la nne ni mfuko wetu. Tunachangia harusi, tunachangia matanga, tunanunua vitambaa vya sikukuu. Dawa ya homoni ni ya kila siku, na ikikatika maumivu hurudi. Barabara zinapofungwa na maduka ya dawa kubaki matupu, bei hupanda, na msichana asiye na fedha huwa wa kwanza kuacha. Kikundi cha vijana hakiwezi kujenga hospitali. Kinaweza kumlipia mmoja vidonge vya miezi mitatu, bila kutangaza jina lake.

Mnamkumbuka yule mwanamke katika Injili ya Marko, sura ya 5. Alitokwa damu miaka 12, akateswa na waganga wengi, akatumia mali yake yote, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Kwa sheria ya watu wake alihesabiwa kuwa najisi, kwa hiyo alikuja kwa nyuma, akijificha kati ya umati, akagusa vazi tu. Yezu hakumwacha aondoke kwa siri. Alisimama, akamtafuta kwa macho, akamsikiliza mpaka akasema kweli yote, na mbele ya watu wote akamwita Binti. Alimponya damu, akamponya na aibu.

Sisi tulikuwa ule umati uliosonga. Dada yetu sasa anaendelea na dawa, na mama yake anasema kwamba kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita amemaliza muhula wa shule bila kukosa juma zima. Tumekwenda kwake kuomba msamaha. Alitupokea, akatupa viti, akasema kwamba kuhusu kwaya bado hajaamua. Hatukumharakisha. Kiti chake kipo, katika mstari wa pili, na tumekubaliana kwamba hakuna mwingine atakayekikalia.